Buni zilezile, pakiti ileile: kwa nini kahawa ya kamkahawa ka mtaani inaipita ya nyumbani?

#1 KikombeTupu
Wakuu salama? Hili linanisumbua muda sasa. Mtaani kwangu kuna kamkahawa kadogo ka mtu binafsi, meza chache tu na mwenyewe ndo anasimama kaunta. Kahawa yake ni moto wa kuotea mbali. Huwa anauza na buni alizokaanga, nikachukua pakiti ileile anayotumia yeye, nikapika nyumbani, haikaribii hata kidogo. Na ile mikahawa ya matawi matawi nayo haikaribii pamoja na mamashine yao yote yale. Sasa shida iko wapi, ni kahawa, ni mashine, ni mikono ya yule jamaa au ni kichwa changu tu kinanidanganya? Wajuzi karibuni. Wale wa "kunywa chai tu mkuu" naomba mpite kimya.

#2 BwanaSukari
Kunywa chai tu mkuu.

#3 FundiSaga
Hahaha #2 una laana wewe.
Mleta mada hujatuambia unasaga na nini. Kama ni ile blenda ya visu basi jibu umeshalipata. Kisu hakisagi, kinakatakata, unapata unga na machenga kwenye kijiko kimoja. Ule unga unatoa ladha yake yote haraka mpaka unaleta uchungu, machenga yanatoa nusu tu na yanabaki na ukakasi, afu unakunywa vyote kwa pamoja unasema buni mbaya. Mkahawani wana mashine yenye diski mbili za meno, unasogeza nafasi kati yake mpaka upate chembe zinazolingana. Mimi nashauri kila mtu, hela ya kwanza peleka kwenye kusaga, mashine ya kupikia itafuata baadaye.

#4 KikombeTupu
Ni blenda kweli mkuu. Ila kuna siku nilimwomba anisagie palepale kwake, nikafika nyumbani nikapika muda uleule. Bado.

#5 MajiKwanza
Wote mnazunguka. Ni maji. Kikombe cha kahawa ya kuchuja karibu asilimia 98 ni maji, sasa mnahangaika na ile asilimia mbili. Maji yasiyo na madini kabisa yanatoa kahawa iliyopooza, yenye chokaa nyingi yanaua ule uchachu mzuri na yanaweka magamba kwenye mashine. Watu wa kahawa huwa wanalenga madini kama miligramu 150 hivi kwa lita. Mwenye mkahawa mdogo anayejielewa ana chujio chini ya kaunta, we hulioni. Fanya hivi, omba maji yake kwenye chupa ukapike nayo kwako.

#6 ShukaChini
@MajiKwanza yani niende kwa mfanyabiashara wa watu nimwambie nipe maji ya bomba lako nikapike kwangu? Ntafukuzwa mimi.

#7 MajiKwanza
Nunua na kikombe kimoja, atakupa.

#8 Kaanga_Nyeusi
Jamani ile mikubwa inakaanga buni mpaka inakuwa nyeusi tii ili kafeni iwe nyingi, ukinywa kesho unarudi. Ni biashara ya uraibu ile. Mdogo anakaanga kidogo ndo maana unasikia ladha.

#9 FundiSaga
@Kaanga_Nyeusi nusu yake sawa, nusu umetuingiza chaka. Kukaanga sana hakuongezi kafeni, tofauti ni ndogo mno. Kinachobadilisha kafeni ni aina ya buni, robusta inayo kama mara mbili ya arabika, na kiasi unachoweka. Mkubwa anakaanga sana kwa sababu nyingine. Buni zake zinatoka mashamba mengi na misimu tofauti, ukizichoma sana zote zinafanana ladha, na mteja wa tawi hili anapata kilekile cha tawi lile. Pia ladha ya kuungua inasikika hata ukimwaga maziwa nusu lita na sharubati juu.

#10 DadaWaKaunta
Nimefanya kazi ya barista, yule mtengeneza kahawa wa kaunta, miaka kadhaa, kwa mkubwa na kwa mdogo, ngoja niseme nilichokiona.
Kwa mkubwa nilikuta mashine ya kubonyeza kitufe. Inasaga yenyewe, inashindilia yenyewe, inatoa. Kazi yako ni kuandika jina kwenye kikombe na kuwahi foleni. Si mbaya, haiwezi kuwa mbaya sana, na haiwezi kuwa nzuri sana pia, ndivyo ilivyotengenezwa.
Kwa mdogo tulikuwa tunafika kabla ya kufungua. Unapima unga kama gramu 18, unatoa espreso (ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inayosukumwa kwa presha) kama gramu 36, unaangalia saa, unataka iwe kati ya sekunde 25 na 30. Ikitoka mbio unasaga laini zaidi, ikigoma unaachia. Unaonja, unamwaga, unaonja tena. Na siyo asubuhi tu. Mvua ikinyesha unyevu ukipanda mambo yanabadilika, pakiti mpya ikifunguliwa yanabadilika, mchana mashine ya kusaga ikipata joto yanabadilika tena. Bosi wangu alikuwa anasikia kwa sauti tu, yuko nyuma anaosha vyombo anapiga kelele "hiyo imekimbia, mwaga!"
Kwa hiyo @KikombeTupu ukisema umechukua buni zake, umechukua buni tu, ile kuonja na kumwaga hujachukua. Na maziwa msiyasahau. Maziwa ukiyapasha kwa mvuke mpaka nyuzi 60 au 65 hivi yanasikika matamu bila sukari, ukipita 70 yananuka ya kuchemshwa na povu linakuwa kama la sabuni. Nyumbani watu wengi wanachemsha.

#11 msomaji_kimya
#10 hii ndo sababu huwa sitoki humu.

#12 MzeeWaKona
Nyote mnaongea mashine. Sisi wazee tunajua kwamba mtu haendi mkahawani kunywa kahawa. Anaenda kuonwa. Unaingia, jamaa anakwambia leo umechelewa, tayari kahawa imekuwa tamu kabla hujaigusa. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, mwaka 1989 alieleza habari ya mahali pa tatu, nyumbani pa kwanza, kazini pa pili, na pa tatu ni pale ambapo huna cheo wala zamu, unakaa tu na watu. Mkubwa hawezi kukuuzia hicho, wafanyakazi wake wanabadilishwa kila mara, wa leo hakujui.
Na jambo hili si la leo. Makka mwaka 1511 gavana Khair Beg alipiga marufuku kahawa, na kilichomuudhi hasa ni watu kukusanyika usiku na kuongea. Uingereza mfalme Charles wa Pili akataka kufunga nyumba za kahawa zote mwaka 1675, zikafungwa, watu wakakimbilia majumbani. Watawala wanajua nguvu ya meza ya kahawa kuliko nyie.

#13 Kumbukumbu_za_Kale
Mzee shikamoo, hapo pa mwisho ngoja nirekebishe kidogo. Hazikufungwa. Tangazo lilitoka mwishoni mwa Desemba 1675, zilitakiwa zifungwe tarehe 10 Januari 1676, kelele zikawa nyingi mpaka mfalme akarudi nyuma siku chache kabla ya tarehe kufika. Nyumba zikaendelea kama kawa. Humo London ndo kulikuwa na nyumba ya Edward Lloyd, mabaharia na wenye meli wanakaa wanabadilishana habari, soko zima la bima la Lloyd's likazaliwa kwenye meza za kahawa.

#14 MzeeWaKona
Marahaba kijana. Basi mfalme alishindwa, hoja yangu imezidi kupata nguvu.

#15 ShukaChini
Mzee hakubali kushindwa hata na mfalme 😂

#16 Spika_Mbovu
Hoja ya mzee naiheshimu ila ni ya zamani. Nendeni mkahawa wowote mdogo sasa hivi muangalie. Kila mtu ana laptopu, spika za masikioni, hakuna anayemsalimia mwenzake. Mahali pa tatu pamekuwa ofisi. Mi nikijaribu kumuongelesha mtu anatoa kisikio kimoja ananitazama kama namdai.

#17 Kazi_Popote
@Spika_Mbovu mimi ni mmoja wao na sioni kosa. Nyumbani siwezi kufanya kazi, kimya kinaniua. Na kuna utafiti ulichapishwa 2012, Ravi Mehta na wenzake, walikuta kelele za wastani kama desibeli 70 zinasaidia watu kwenye kazi za ubunifu kuliko ukimya wa desibeli 50. Zikifika 85 zinaharibu. Desibeli 70 ndo ule mchanganyiko wa mashine, vikombe na watu kuongea. Labda na mleta mada anachokipenda ni hizo kelele, kahawa ni kisingizio.

#18 KikombeTupu
Sasa umenichanganya zaidi. Ila kweli huwa napenda ule mlio wa mvuke.

#19 Rangi_Za_Vikombe
Na kikombe je? 2014 kuna watafiti wa Australia walijaribu kahawa moja kwenye vikombe vya rangi tofauti, waliopewa cheupe wakasema ni kali na haina utamu sana kuliko waliopewa cha glasi au cha buluu. Kahawa ileile! Kwa hiyo siyo lazima kuna kitu kwenye kahawa. Macho yanaonja kabla ya ulimi. Mleta mada vikombe vyako nyumbani vina rangi gani?

#20 KikombeTupu
Vyeupe 😭 Ila na vyake vyeupe.

#21 Rangi_Za_Vikombe
Basi tutafute kingine.

#22 FundiSaga
Nimerudi. Kitu ambacho hakijaguswa ni tarehe ya kukaanga. Buni zikitoka kwenye moto zinatoa hewa ya kaboni siku kadhaa, kwa espreso wengi wanaziacha wiki hivi kwanza ndo wanaanza kutumia, afu baada ya mwezi na zaidi harufu inaanza kukimbia. Ukishasaga ndo kabisa, ni suala la dakika. Mdogo anakaanga kidogo kidogo au ananunua kwa mkaangaji wa jirani, inazunguka haraka. Pakiti ya mleta mada inakaa wazi juu ya jiko kwa wiki ngapi? Usijibu, najua.

#23 DadaWaKaunta
Na presha. Mashine ya espreso inasukuma maji kwa presha kama ya baa 9 (baa ni kipimo cha presha). Kale kabirika ka kuweka jikoni kanafika moja na nusu tu hivi. Havitoi kitu kimoja hata ukibembeleza. @KikombeTupu unapika na nini kwanza?

#24 KikombeTupu
Kabirika ka jikoni.

#25 FundiSaga
Uzi ufungwe.

#26 Spana13
Usifungwe bado. Watu wanadhani bila espreso hakuna kahawa. Hiyo mashine yenyewe Mwitaliano Gaggia ndo aliibuni baada ya vita kuu ya pili, kabla ya hapo dunia ilikunywa kahawa nzuri tu.

#27 Kumbukumbu_za_Kale
@Spana13 Gaggia hakuwa wa kwanza. Angelo Moriondo wa Turin alisajili mashine ya mvuke mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milan akaboresha 1901, Pavoni akaiuza. Alichofanya Achille Gaggia ni kuleta mkono wa kuvuta na springi, presha ikapanda mbali kuliko ya mvuke, ndo likatokea lile povu la rangi ya dhahabu juu. Inasemekana wateja wa mwanzo walilikataa wakidhani ni uchafu, wakauziwa kwa jina la "kahawa ya krimu". Na ya kuchuja mkitaka kujua, ni Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, mwaka 1908 alitoboa mkebe akatumia karatasi ya daftari la mtoto wake.

#28 BwanaSukari
Mtoto alienda shule na daftari halina karatasi sababu ya kahawa. Mnaona sasa.

#29 Mhasibu_Mstaafu
Naomba niulete uzi kwenye hela, maana hawa wadogo tunawasifia afu wanafunga. Kilo moja ya buni kwa gramu 18 inatoa vikombe 55 hivi vya espreso ya dozi mbili. Kwa hiyo buni zenyewe ni sehemu ndogo ya kile unacholipa, kinachomla mwenye duka ni kodi ya pango, mishahara, maziwa na umeme. Ndo maana hata bei ya arabika ilipopanda kwenye soko la New York ikapita dola 4 kwa ratili Februari 2025, kikombe hakikupanda kwa kiwango kilekile. Sasa wewe @Kazi_Popote ukikaa meza ya watu wanne tangu asubuhi na espreso moja, unakula pango la mwenzako.

#30 Kazi_Popote
Mi huwa naagiza tena kila baada ya masaa mawili na mchana wa foleni naondoka. Siyo wote tuko hivyo ulivyosema.

#31 DadaWaKaunta
Wa hivyo ni wachache kaka. Wengi tuliwaona wanakuja na chupa yao ya maji, wanachomeka laptopu, simu na bateri ya akiba, afu wanaomba nywila ya wai-fai kabla ya kuangalia menyu. Kuna kipindi bosi aliziba soketi na tepu. Mauzo ya mchana yakapanda, ila asubuhi pakawa papweke, na mkahawa mtupu haumvuti mpita njia. Akazibandua tena. Hakuna jibu zuri hapo.

#32 Asiyependa_Foleni
Mi wa wadogo hapana. Nishaenda kamoja sitakataja, jamaa wa kaunta nimeomba sukari kaniangalia kama nimemtukana mama yake, akanipa hotuba ya ladha za matunda pori. Nikanywa, ni ndimu tupu. Kwa mkubwa naingia, nasema nataka nini, napewa, choo kisafi, naondoka. Kuna wadogo wabovu wengi tu ila mkishaona ukuta wa matofali na mmea kwenye chungu mnasema ladha.

#33 ShukaChini
#32 ameongea ukweli mchungu. Nimecheka ile ya mmea.

#34 FundiSaga
Huyo alikupa espreso iliyokimbia, uchachu wa hivyo siyo matunda, ni kazi haijaisha. Ila hoja ipo. Mtu akikataa kukupa sukari hajui biashara.

#35 Nipo_Njia_Panda
Basi wajuzi tuambieni mgeni mjini anaujuaje mzuri bila kuingia kwenye mitego ya ukuta wa matofali?

#36 DadaWaKaunta
Angalia ile bomba ya mvuke ya maziwa. Ikiwa na ukoko mkavu wa maziwa geuza. Barista mzuri anaifuta kila anapomaliza, bila kufikiria. Angalia buni juu ya mashine ya kusagia, zikiwa zinang'aa mafuta na ile bakuli yake ina ukungu wa njano haijaoshwa siku nyingi. Tarehe ya kukaanga kwenye pakiti, siyo ya kuisha matumizi. Na menyu fupi. Mwenye vinywaji arobaini hajui kimoja.

#37 MzeeWaKona
Angalia kama kuna mtu anasoma gazeti au kitabu na hakuna anayemsumbua. Basi.

#38 Asiyependa_Foleni
Angalia choo.

#39 Mhasibu_Mstaafu
Mimi naangalia saa tano asubuhi siku ya kazi, si Jumamosi. Ukikuta wenyeji wa mtaa, fundi, mama na mtoto, mtu wa ofisini, wote pamoja, huo una miguu. Ukikuta wapiga picha tu, subiri, utafunga.

#40 Nipo_Njia_Panda
Ahsanteni. Na kwa nini inafunguliwa mitatu mtaa mmoja afu mtaa wa pili hakuna hata mmoja? Hawaoni?

#41 Mhasibu_Mstaafu
Mchumi Harold Hotelling alilieleza hilo 1929, wauzaji wawili kwenye barabara moja kila mmoja akitaka wateja wengi wanaishia kusogeleana katikati. Ukikaa pembeni mwenzako anakunyang'anya upande mkubwa.

#42 Spana13
Au tu pango la mtaa ule ni nafuu. Si kila kitu mpaka mchumi.

#43 DadaWaKaunta
Au yule wa pili alikuwa barista wa yule wa kwanza, wakagombana, akafungua mbele ya mlango wake makusudi. Hii nimeiona kwa macho yangu.

#44 Kaanga_Nyeusi
Hahaha hiyo ndo yenyewe. Ila jamani tusiwaonee wakubwa, hata Starbucks ilianza ka duka kadogo pale Pike Place, Seattle 1971.

#45 Kumbukumbu_za_Kale
1971 ndiyo, Pike Place siyo. Walianzia jengo la Western Avenue, wakahamia Pike Place 1976. Na mwanzoni walikuwa wanauza buni na vifaa, ukitaka kikombe unaonjeshwa tu.

#46 Kaanga_Nyeusi
Wewe huwa unalala saa ngapi?

#47 MajiKwanza
Bado nasema ni maji.

#48 KikombeTupu
Mrejesho kidogo. Nilienda na chupa kama @MajiKwanza alivyosema, jamaa kacheka, kanijazia. Kasaga, nikaenda nayo nyumbani. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote kwangu, ila siyo kama yake. Nikamwambia jamaa kuhusu huu uzi, akauliza mnabishania nini, nikamwambia, akasema yeye nyumbani kwake hanywi kahawa yake kabisa, anakunywa ya unga ya kopo.

#49 FundiSaga
Hapana. Nakataa. Muulize kopo gani.

#50 ShukaChini
Jamaa wa kahawa kumbe na yeye nyumbani ni wa kopo 😂😂

#51 DadaWaKaunta
Kawaida sana hiyo. Mi nilipokuwa kazini, nikirudi nyumbani sikutaka hata kusikia harufu yake. Siku za mapumziko nilikuwa naenda mkahawa wa mwingine nikae upande wa wateja nihudumiwe.

#52 Spika_Mbovu
@DadaWaKaunta na ulikuwa unaweka spika masikioni?

#53 DadaWaKaunta
Ndiyo. Ila bila muziki, ili nisikie yake ikikimbia 😂